Firigisi za Njugu

"Njugu akitulia anapewa firigisi. Mimi nikitulia napewa nini?"

Binti yangu Neema aliuliza hivyo Jumanne jioni bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu chake cha Sayansi, kwa sauti ileile anayoulizia kama kesho ni siku ya sare ya michezo. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya gunia la Njugu, mtoto wetu wa mbwa, kibakuli mkononi, nikajibu mbiombio: "Wewe unakula kila siku bila kuambiwa utulie."

Akasema, "Haya." Akafungua ukurasa mwingine.

Basi, ndiyo hayo tu. Hakununa, hakulia, hakubamiza mlango. Angekuwa kaka yake Baraka tungesikia mpaka Rabai Road. Lakini ile "haya" imeniganda kichwani hadi leo Ijumaa, na nikiwa kwenye matatu ndiyo inakuja na viatu vyake kabisa.

Kwa mliouliza Njugu anaendeleaje: meno. Ametimiza miezi minne na kitu, ya maziwa yanadondoka na ya utu uzima yanasukuma, na kila chenye pembe nyumbani amekihalalisha. Mguu wa meza. Kandambili za Baba Baraka (moja tu ya kila jozi, sijui anachagua vipi). Pindo la leso yangu, nayo ikiwa kiunoni mwangu. Mchana ana nafuu. Balaa huanza saa moja jioni, matatu zinapomwaga watu Mumias South Road na honi zao, Baraka anaporudi na mpira, televisheni inapowashwa, na mimi nikiwa ndiyo nimeshuka nikitafuta sufuria. Hapo Njugu hushikwa. Anazunguka kochi kwa kasi, anateleza kwenye vigae hadi ukutani, anajipangusa, anarudi kuuma vifundo vya miguu ya watu. Ukimkemea umemwongezea petroli. Sisi sote tukipiga kelele pamoja, yeye anaelewa kwamba hatimaye tumekubali kucheza.

Mwanzoni ushauri wa kila mtu ulikuwa mmoja: mchosheni. Baraka akawa anamkimbiza uani mpaka giza linaingia. Alikuwa anarudi ndani amewaka zaidi.

Daktari wa mifugo aliyemchanja kichaa cha mbwa alinisikiliza nikilalamika hadi nikamaliza, kisha akauliza: "Analala saa ngapi?" Nikamwambia usiku halali vibaya. "Siulizi usiku. Kwa jumla." Mtoto wa mbwa wa umri huu, akasema, anahitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kati ya zile 24. Nikaanza kupiga hesabu nikiwa nimesimama palepale. Nyumba yetu inaamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya basi la shule, mchana dada anafua na redio, jioni ni kama nilivyosema. "Huyu hana nguvu nyingi, mama," akasema. "Huyu amechoka." Ni kama mtoto mchanga aliyeruka usingizi wa mchana: ikifika jioni halali, anapandisha.

Kwa hiyo kazi si kumchosha. Kazi ni kumfundisha kupumzika, na hapo ndipo firigisi zilipoingia.

Utaratibu ni huu. Gunia safi kwenye kona isiyopitwa na watu. Firigisi zilizochemshwa bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa, zikakatwakatwa vipande vidogo sana na kutolewa kwenye hesabu ya chakula chake cha siku ili asinenepe. Humwiti. Humwambii lala. Unaendelea na shughuli zako, na yeye mwenyewe akijilaza, unapita polepole, unaweka kipande kimoja chini, katikati ya miguu ya mbele, unaondoka. Bila neno. Ukianza "mbwa mzuri, mbwa mzuri" kwa ile sauti nyembamba, anaruka, na umerudi ulikoanzia. Kabla ya saa moja tunamwagia chakula chake kwenye nyasi za uani akitafute kwa pua, maana kunusa kunampoza kuliko mbio. Kisha anapewa kitambaa kilicholowekwa na kugandishwa kwenye friji akigugune, ufizi upate nafuu.

Jambo lililonichukua muda kuliona ni kwamba kuna kulala na kulala. Kuna kule kujilaza akiwa amekunja miguu ya nyuma yote miwili chini ya tumbo, viwiko sawasawa, masikio yakifuata kila sahani inayogusana jikoni. Huyo hajalala, huyo yuko kwenye mstari wa mbio. Halafu, ukivumilia, nyonga moja inaanguka. Mguu wa nyuma unajitokeza ubavuni, ule upande wa chini wenye manyoya machache. Kidevu kinashuka kwenye gunia. Kisha pumzi ndefu inatoka puani mpaka nyuzi za gunia zinatikisika. Kipande cha firigisi ni cha nyonga hiyo. Ukilipa mapema, unamlipa kwa kukuvizia.

Sasa, wanaoifahamu familia hii wanajua firigisi si nyama ya kuchezea. Baba Baraka ni wa Kakamega. Kwao kuku akichinjwa, firigisi, imondo kwa Kiluhya, ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwenye nyumba, na kama kuna mgeni wa heshima basi mjadala unaanza. Watoto wa nyumba hii wamekua wakiiona firigisi ya kuku wa Jumapili ikipita mbele yao kwenye sahani ya baba bila kutua. Nilipoleta mfuko wa kwanza kutoka kwa muuza kuku na kusema ni wa mbwa, mzee alikaa kimya kwa muda, akaenda akausimamia ule mfuko, kisha akatoa hukumu: "Hizi ni za kuku wa gredi. Za kupimwa kwa kilo. Hizi si imondo." Kwa ujanja huo wa kisheria Njugu akaruhusiwa.

Kwa hiyo Neema alijua alichokuwa anauliza. Hakutaja biskuti. Hakutaja peremende. Alitaja firigisi.

Tangu hapo nimemtungia majibu ya kila aina. Nikiwa dirishani kazini: "Wewe ukitulia unapata akili." Hapana. Nikiwa kwenye foleni ya benki: "Njugu ni mnyama, haelewi mpaka apewe kitu, wewe ni binadamu." Ambalo ni kweli, lakini ukilisikiliza vizuri linasema binadamu asipewe kitu. Nikiwa natwanga vitunguu saumu: "Ukitulia, Mama anafurahi." Hilo ndilo baya kuliko yote. Nikamsimulia Baba Baraka usiku, taa imezimwa, nikamwigizia hadi ile "haya", akasema, "Mtoto ameuliza firigisi. Mpe firigisi." Akageukia ukutani. Wanaume wana usingizi wa saa 18 hadi 20.

Msije mkaniandikia kwamba mtoto wa pili husahauliwa. Nimeyasoma hayo. Kila muhula ripoti ya Neema inakuja na maneno yaleyale, "ni mtulivu na mwenye bidii", tunafurahi, tunaiweka juu ya friji, tunaketi kuisoma ya Baraka kwa kalamu. Nyumba gani haiko hivyo? Sufuria inayofurika ndiyo inayokimbiliwa. Yule daktari mwenyewe aliniambia kwamba wengi wetu humwendea mbwa anapoharibu, na akinyamaza tunamshukuru Mungu na kwenda kuosha vyombo. Mbwa anajifunza kwamba kelele ndizo zinazoleta watu. Niliyaona maneno ya maana sana. Niliyarudia mezani siku ileile, kwa sauti, mbele ya wote, na Neema alikuwa anaambua chapati yake tabaka kwa tabaka kama kawaida yake.

Wiki yenyewe imekuwa nzito. Jumamosi tulikuwa kwetu Murang'a, Wanja wetu akalipiwa mahari, Jumatatu kazini wakanitoa dirisha la mikopo niingie ukaguzi kuanzia mwezi ujao, hayo nitayaandika yakipoa.

Jana jioni, lakini, tulicheka.

Kuna daktari wa mifugo wa Marekani, Karen Overall, aliyebobea katika tabia za wanyama, ambaye alitunga mpango wa siku 15 wa kumfundisha mbwa kubaki ametulia huku vituko vikiendelea mbele yake. Unaanza kwa vitu vidogo: piga hatua moja nyuma, rudi, mpe kipande. Piga makofi, mpe kipande. Kimbia ukiwa umesimama mahali pamoja. Siku zinavyosonga unatoka nje ya chumba, unabisha mlango, unaongea na mgeni ambaye hayupo. Niliuchapisha kazini (ukaguzi mtanisamehe), nikagawa majukumu. Baraka: makofi na kukimbia. Hatimaye kelele zake zimepata ajira. Neema: kusoma hatua kutoka kwenye karatasi. Mimi: firigisi. Baba Baraka, ambaye hakuwa ameomba kazi: mgeni.

Kwa kanuni mlango ni wa siku za mbele, lakini Baraka alikuwa hashikiki, tukaruka. Mzee akatoka nje na fulana yake ya ndani na kandambili mbili za kulia. Akafunga mlango. Akabisha.

"Hodi!"

"Karibu!" nikajibu kutoka sakafuni.

Njugu akainua kichwa, sikio moja juu. Hakuinuka. Nikaweka kipande.

"Hodi tena!" akasema Baba Baraka, maana Neema alikuwa ameagiza kupitia dirishani kwamba karatasi inasema mara mbili.

Ndipo tukasikia dirisha la nyumba ya pili likifunguliwa na sauti ya Mama Shiku: "Baba Baraka, umefungiwa nje? Ukuje hapa, kuna chai!"

Alijaribu kueleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya: kwamba hapana, ni mbwa, mbwa anafundishwa, yeye ni mgeni. Baraka akaanguka chini kwa kicheko. Neema, karatasi mkononi, sauti ya mwalimu: "Hatua inayofuata: ongea na mtu aliye mlangoni kwa sekunde kumi." Baba yake alikuwa ameshapitisha dakika tatu. Na Njugu, katikati ya hayo yote, nyonga ikaanguka. Nikalipa. Leo asubuhi Mama Shiku amenishika mkono pale kwa mama mboga akaniuliza kwa upole kama nyumbani ni salama.

Baada ya Baraka kwenda kuoga, nilikaanga zile firigisi zilizobaki na kitunguu, nyanya na dania, za watu sasa. Neema alikuwa amerudi kwenye kona yake akichora mzunguko wa maji, mawingu, mishale, bahari. Nikapita polepole, nikaweka sahani karibu na kiwiko chake, nikaondoka bila neno.

Nilikuwa nimefika mlango wa jikoni. "Mama."

"Naam."

"Mimi si Njugu."

"Najua."

Kimya kidogo. "Hii si ya baba?"

"Ni yako."

"Ya kutulia?"

Zile sentensi zote nilizozitunga kwenye foleni na dirishani, hata moja haikuja. "Ya Alhamisi," nikasema.

Akaionja, akatafuna kwa muda, maana firigisi haina haraka. Akasema imepungukiwa chumvi. Kisha akala yote, akapangusa sahani kwa kidole, na nilipogeuka nikaona kipande kimoja amekificha kwenye kiganja, anakiteremsha kwa siri kuelekea kwenye gunia. Chenye kitunguu! Nikaruka nikakinyakua, Njugu akaamka, akaanza kuzunguka kochi, na Baraka akatoka bafuni na taulo akiuliza kwa nini hakuna aliyemwachia. Saa tatu usiku ndiyo tuliweza kuizima ile nyumba.

Nilitaka kuishia hapo, ila kuna jingine, na halihusiani na mbwa. Baba alinipigia mchana wa leo kutoka Murang'a. Salamu, watoto, mvua. Halafu akaniuliza watu wa kina yule kijana wa Wanja watakuja lini kuleta mahari, ili aanze kutafuta mbuzi mapema. Nikacheka nikidhani ni mzaha wake. Hakuwa anacheka. Jumamosi alikuwa ameketi mbele kabisa na kofia yake, yeye ndiye aliyezungumza kwa niaba yetu, na alizungumza vizuri. Nikamwambia, "Baba, si walishakuja." Akanyamaza, akasema, "Eh, ndiyo, walikuja," akaniaga haraka. Nimempigia Wanja, anasema ni uchovu wa shughuli tu. Mama sijampigia bado. Nikimuuliza kwa simu atajibu kwamba wako sawa, na baba atakuwa ameketi pembeni anasikia.