Kitabu changu cha damu ya mzee

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, saa tisa usiku, nimepanga foleni ya wageni. Mbele yangu Wajerumani wawili wameshavaa viatu vya kupandia Kilimanjaro. Foleni ya wenyeji inakwenda mbio, watu wanataniana, na mimi mtoto wa Tanga, Ngamiani, Barabara ya 12, nimeshika dola 50 za viza ya kurudi kwetu. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili. Nililijua hilo nilipokula kiapo kule Uingereza mwaka 2018, kwa hiyo simlaumu mtu.

Kinachonichekesha ni sababu mojawapo iliyonifanya niape. Nilitaka niwe naingia Ulaya bila kuulizwa maswali. Nikaingia hivyo mara mbili tu, ikaja korona, na korona ilipotulia mlango ulikuwa umeshafungwa. Waingereza walipiga kura Juni 2016, asilimia 51.9 wakasema tutoke Umoja wa Ulaya. Wakatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na mwisho wa mwaka huo kipindi cha mpito kikaisha. Siku hizi nikifika Amsterdam nasimama na wengineo, nahesabiwa siku 90 katika kila 180. Nimekuwa mgeni kotekote.

Tanga tunajisifu kwa msemo wetu, waja leo waondoka leo. Mimi niliondoka 2009 na kila nikija nakaa wiki tatu. Baada ya alasiri namfuata baba mkubwa barazani, kwenye kahawa na kashata. Wazee pale hawana haraka. Mara hii nilikuwa sijamaliza hata kikombe cha kwanza, mmoja akanigeukia:

"Eti mwanangu, hao wenyeji wako waliojitoa kwenye umoja wao, wamepata nini?"

Nikawaambia maduka hayakufungwa wala watu hawakulala njaa. Ofisi inayopima hesabu za bajeti ya Uingereza inakadiria kwamba baada ya muda tija ya uchumi itakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko kama wangebaki. Mzee akatikisa kichwa, asilimia 4 hainywewi na kahawa. Basi nikawapa kisa cha Januari 2021, wiki za mwanzo kabisa, maofisa wa forodha wa Uholanzi walipoonyeshwa kwenye televisheni wakiwanyang'anya madereva wa malori kutoka Uingereza mikate yao ya chakula cha mchana, kwa kuwa ndani mlikuwa na nyama ya nguruwe. Nyama haivuki tena mkononi mwa msafiri.

"Nguruwe?" akasema mwingine. "Hapo forodha wamewasitiri."

Baraza zima likacheka, nami nikacheka, lakini hiyo ndiyo hali yenyewe: karatasi. Mimi naendesha foklifti kwenye ghala la mboga, Peterborough. Mji ule karibu watu 61 katika kila 100 waliopiga kura walitaka kutoka, na wengi walikuwa wakilalamikia wageni. Nilipoanza kazi, zamu yangu ilikuwa Walithuania na Wapoland watupu. Nilijua kutukana kwa Kipoland kabla sijajua kusalimia. Walikuja bila viza, wakaondoka walipotaka. Baada ya kura wengine walirudi kwao, waliobaki wakatakiwa kuomba upya haki ya kukaa kabla ya mwisho wa Juni 2021. Mboga lakini zinaota vilevile. Sasa mashamba ya jirani yanavunwa na vijana kutoka Kirigizistani na Uzbekistani, wanaokuja kwa viza ya miezi sita. Wageni hawakupungua, mwaka ulioishia Juni 2023 walioingia Uingereza waliwazidi waliotoka kwa zaidi ya laki tisa. Bibi mmoja jirani yangu, aliyepiga kura ya kutoka na wala hafichi, aliniambia siku moja tukitoa mapipa ya taka kwamba hakuomba hivi. Na chupa ya maziwa friji kwangu imeandikwa "si kwa Umoja wa Ulaya", maana Ireland ya Kaskazini imebaki nusu ndani nusu nje, na bidhaa za Uingereza zinazopelekwa huko hazina budi kutambulika.

Baba mkubwa alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akasema, "Afadhali wao waliulizwa. Sisi tulisikia redioni."

Yeye alikuwa karani wa mizigo wa Reli ya Afrika Mashariki. Aliajiriwa hapa Tanga, akahamishiwa Voi, Kenya, na huko akaoa mama mkubwa, mtu wa Likoni, pwani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kuumwa tangu Amin alipompindua Obote kule Uganda 1971 na Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Kenya ikilaumiwa kwamba inafaidi peke yake, michango ya mashirika ikawa haipelekwi. Mwaka 1977 ikafa. Februari Tanzania ikafunga mpaka, kila nchi ikashika kilichokutwa kwenye ardhi yake, mabehewa, ndege, vipuri, na baba mkubwa akarudi Tanga na sanduku moja.

Kutoka hapa hadi Horohoro, mpakani, ni mwendo wa saa moja na kidogo. Ng'ambo ni Lunga Lunga, Wadigo huku na Wadigo kule, mtu na shangazi yake. Mpaka ulifungwa hadi Novemba 1983. Baba yake mama mkubwa alifariki Likoni 1979, na habari zilimfikia kwa mvuvi wa Vanga arobaini ikiwa imeshasomwa. Hilo mama mkubwa halisimulii. Ukilitaja anainuka kwenda kutazama chungu.

Mali ya Jumuiya ilikuja kugawanywa 1984, baada ya miaka ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Jumuiya mpya ikazaliwa Arusha, mkataba wa 1999. Wafanyakazi wa ile ya zamani walikuwa bado wanapanda na kushuka mahakamani Dar es Salaam, na malipo yalianza 2005. Baba mkubwa alipata kiasi. Anachodai bado anacho kwenye daftari.

Usiku ule, tukiwa ndani, baba mkubwa akaniambia nimwonyeshe hicho kitabu changu, pasipoti ya Uingereza. Nilikipata kabla hawajabadili rangi kuwa buluu, hivyo ni kile cha damu ya mzee, na juu kabisa ya jalada, kwa dhahabu iliyoanza kufutika, pameandikwa Umoja wa Ulaya. Akakisogeza karibu na taa. Akanyanyuka, akavuta chini ya kitanda kopo la biskuti, akatoa nailoni, ndani ya nailoni bahasha, ndani ya bahasha kitambulisho chake cha kazi, kona zimeliwa na mende, herufi za Reli ya Afrika Mashariki zinasomeka. Akaviweka sambamba juu ya mkeka.

"Chako kinakwisha lini?"

"2028, baba."

"Changu hawakuandika tarehe," akasema, akaanza kukirudisha kwenye bahasha.