Papa Alipomtetea Chuck Bell

Nilikuwa darasa la nane huko Louisville, Kentucky, mwalimu wa Kiingereza alipotugawia The Crossover, riwaya ya vijana ya Kwame Alexander iliyotoka mwaka 2014 na kupata Nishani ya Newbery mwaka uliofuata. Yote ni mashairi, na sehemu zake zimepangwa kama mechi ya mpira wa kikapu: kupasha misuli, robo nne, kisha muda wa nyongeza. Sisi tuliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, bado tulikuwa tunasoma Kiingereza huku kidole kikifuata mstari, na kurasa zile zenye maneno machache zilikuwa rehema kubwa. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha Kiingereza nilichokimaliza bila kusukumwa na mtu. Nilikimalizia jikoni, na nikalia.

Papa alikuwa mezani, anakula bugali na sombe, majani ya muhogo, kabla ya zamu yake ya usiku ya kupanga vifurushi kule uwanja wa ndege. "Unalilia nini, mama?" Nikamwambia ni kitabu cha mpira. Hakucheka. Papa anaheshimu sana habari za michezo. Alikuwa mtoto Uvira, Kongo, mwaka 1974, Muhammad Ali alipokwenda kupigana na Foreman Kinshasa, na tulipoambiwa kwamba mji tunaopelekwa ndio mji aliozaliwa Ali, yeye peke yake katika familia nzima ndiye aliyefurahi. Kambini alicheza beki mpaka ndevu zikaanza mvi. Akaniambia, "Simulia."

Nikasimulia. Nilianza na mapacha wawili, Josh na Jordan, na baba yao Chuck Bell, aliyecheza Ulaya mpaka goti likamtoa mchezoni, akarudi nyumbani kuwafundisha wanawe. Chuck ana presha. Mkewe anamsihi aende kwa daktari naye hataki, kwa sababu baba yake mzazi aliingia hospitali na hakutoka. Watoto hawaelezwi wazi. Wanaokota maneno mlangoni, nusunusu. Wakati huohuo ndugu wawili wamekosana: Jordan amepata msichana, Josh amejaa wivu, siku moja uwanjani anamrushia ndugu yake mpira usoni kwa nguvu zake zote. Jordan anaacha kumsemesha. Katika kununiana huko baba yao anaanguka akicheza na Josh. Siku ya fainali Josh anaingia uwanjani, Jordan yuko hospitali. Baba hakupona.

Papa alikuwa akiitikia "ehee" kila nilipopumua, kama walivyoitikia wazee ngano za jioni. Nilipofika mwisho alinyamaza, akanawa mikono, akasema jambo ambalo sikulitazamia.

"Huyo mwanaume usimlaumu. Mtoto akishajua baba yake anaweza kuanguka wakati wowote, hachezi tena. Anabaki kumchungulia usoni. Yeye alitaka wanawe wacheze."

Nilikataa. Nilimwambia Josh na Jordan walikuwa na haki ya kujua, na kama wangejua wasingepoteza siku zile za mwisho wakinuniana. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko inavyofaa mbele ya mzazi, akaniacha niseme.

Alijua vizuri ninatetea nini. Tangu tulipofika Marekani, mimi ndiye niliyekaa katikati ya Papa na daktari wake. Sheria ya huko inaitaka kliniki itafute mkalimani, na mtoto hapaswi kufanywa mkalimani ila kwa dharura kubwa. Simu ya wakalimani ilikuwepo. Papa ndiye hakuitaka. Wakongo wa Louisville tunajuana, alisema, na huyo wa kwenye simu huwezi kujua ni shemeji ya nani. Basi muuguzi alipofunga mkanda wa kupimia presha mkononi mwa Papa na kutaja 170 kwa 105, presha ya juu sana, nilisikia mimi kwanza, Papa baadaye. Neno kiharusi lilipita kinywani mwangu kabla ya kumfikia yeye. Nilipokuwa nasoma kitabu kile nilimwonea Josh huruma, na nilimwonea wivu pia, kwa sababu kwa kurasa nyingi sana alikuwa mtoto tu mwenye mpira mkononi. Hata hivyo msimamo wangu ulikuwa uleule: afadhali kujua.

Mwalimu alitaka ukurasa mmoja kuhusu mhusika aliyetugusa. Niliandika kumhusu Chuck Bell. Niliweka hoja ya Papa kama alivyoisema, kisha yangu. Sikutaja kliniki. Niliisoma mbele ya darasa, na nakumbuka wanafunzi waligawanyika, wakabishana mpaka kengele ikalia.

Miadi iliyofuata nilikwenda na Papa kama kawaida. Daktari alipoingia, Papa akaomba, kwa Kiingereza chake kidogo, aletewe simu ya mkalimani. Kisha akanigeukia: "Wewe kaa nje, mama." Nilikaa kwenye viti vya wanaosubiri nikiwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuipeleka. Alipotoka nikamuuliza daktari kasemaje. "Tumeongea. Ni mambo ya wakubwa. Twende, basi litatuacha."

Jioni, kabla ya kwenda kazini, alikuja chumbani kwangu na chupa ya dawa ya presha. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, tena madogo. Alisimama kidogo, kisha akanipa nimsomee.

"Amlodipine, miligramu 10. Kidonge kimoja kila siku." Ile ya zamani ilikuwa ya miligramu 5. Nikamwambia, "Papa, wameongeza."

"Wameongeza, ndiyo." Akaketi ukingoni mwa kitanda changu na kunieleza yote aliyoambiwa: chumvi, usingizi, vipimo vya figo, kiasi anachoogopa na kiasi asichoogopa. Alieleza mwenyewe, kwa Kiswahili chetu, polepole, mpaka akakaribia kuchelewa zamu.