Leo Kongo Imetoka?

Masomo: Yakobo 1:17, Zaburi 77:11

Bwana asifiwe, wapendwa.

Mama yangu alikuwa na swali moja la kila jioni: “Leo Kongo imetoka?” Nyumba yetu iko juu kwenye mteremko, baraza linatazama ziwa, na alichokuwa anauliza ni kama milima ya ng’ambo inaonekana. Mtu asiyeijua Kigoma atashangaa, mlima unatoka na kuingia wapi? Lakini ninyi mnajua. Kuna jioni safu nzima imejipanga ng’ambo ya Tanganyika, na makorongo yake unaweza kuyahesabu. Kuna wiki nyingine maji yanaishia kwenye weupe tu, kana kwamba dunia imekatwa hapo.

Kwa miaka minne sasa ninaipiga picha milima hiyo kutoka baraza lile lile. Nimechora alama tatu za chaki sakafuni, mahali pa miguu ya stendi, ili kamera isimame palepale kila mara. Asubuhi jua hutokea nyuma yetu, juu ya vilima vya upande huu, nalo huimulika Kongo usoni. Hapo ndipo mikunjo ya milima huonekana, na mabonde, na rangi. Jioni mambo hugeuka. Huku kwetu magharibi jua huchelewa kutua, na inapokaribia saa moja liko nyuma ya milima ile ile, nayo imekuwa kivuli kimoja cheusi chenye ukingo wa dhahabu. Wala haliangukii mahali pamoja. Mwezi Juni linatua upande wa kulia, kaskazini. Kufika Desemba limeshasogea kidogokidogo hadi kushoto, kusini, kisha linaanza kurudi. Nikizitandaza mezani picha za mwaka mzima, naliona jua likitembea juu ya safu ile kama mtu apitaye barazani, huenda na kurudi. Milima haijasogea hata unywele.

Yakobo anasema kila kitolewacho kilicho kamili “hutoka juu, hushuka kwa Baba wa mianga; kwake hakuna kubadilika, wala kivuli cha kugeuka-geuka.” Mianga, kwa wingi. Kwa miaka mingi niliusoma mstari huo bila kuuona wingi huo. Mwanga wa saa moja asubuhi ni wake, na huu wa jioni unaoifanya milima kuwa giza ni wake pia. Nilipokuwa kijana niliitaka ile picha ya asubuhi peke yake. Nilidhani ndiyo picha ya kweli, na nyingine ni za bahati mbaya.

Mtihani wenyewe, hata hivyo, ni kiangazi. Masika mlima hufichwa na wingu, na wingu lina adabu yake: mvua inanyesha, inakatika, na baada ya saa moja Kongo imetoka ikiwa imeoshwa. Nimeona hivyo hata kule Mahale. Mlima Nkungwe, wenye urefu wa mita 2,462, hujifunika asubuhi na kujifunua kabla hujamaliza chai. Kiangazi si hivyo. Mvua zikishakatika mwezi Mei, vumbi hupanda na moto huwashwa maporini, moshi wa miombo unalala juu ya ziwa, na kufikia Agosti kuna utusitusi ambao hauondoki kwa siku moja wala kwa wiki moja. Ziwa hili lina upana wa kilomita 50 hivi kwa wastani. Hewa yote hiyo ikijaa moshi, jicho halifiki ng’ambo. Huna la kufanya ila kungoja mvua za kwanza, Oktoba au Novemba.

Siku za namna hiyo kamera nayo inashindwa. Ukiiachia itafute fokasi yenyewe, lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, kwa sababu inahitaji ukingo wa kitu ili ishike, na mbele yake hakuna ukingo. Nilihangaika nayo sana mwaka wa kwanza. Kisha siku moja ya Januari, hewa ikiwa safi kabisa, niliiweka fokasi kwa mkono mpaka milima ikakaa sawasawa, nikabandika kipande cha plasta nyeupe kwenye lenzi, nikachora mstari wa kalamu pale ilipokaa. Sasa Agosti ikifika nazima ile ya yenyewe, nazungusha lenzi hadi kwenye mstari, napiga. Napiga kwa mlima nisiouona, kwa kipimo nilichokipata siku nilipouona.

“Nitayakumbuka matendo ya BWANA,” anasema Asafu katika Zaburi 77, na anayasema hayo baada ya kukesha na kulia hadi kushindwa kusema. Kabla ya plasta ile sikuuelewa mstari huo. Asafu hatoi habari kwamba ameona jambo jipya usiku huo. Anarudi kwenye alama ya siku ya zamani.

Mwaka juzi mama aliugua tangu Julai. Tuliomba. Wengi wenu mlikuja, mkakaa naye, mkafunga pamoja nasi, na Mungu awalipe. Sikuona kitu. Nasema hivi kwa sababu katika ibada zetu tumezoea kuleta ushuhuda pale tu milima ilipotoka: nilikuwa mgonjwa, nikapona, nilikosa ada, ikapatikana. Ni vizuri, na tuendelee. Lakini ndugu aliye katikati ya Agosti yake anakaa benchi la nyuma, anasikiliza, na hana cha kusimama nacho. Zaburi ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani, nayo imo katika Biblia, haikufutwa. Mimi nilikuwa nazifuta picha zangu za utusitusi ili kupata nafasi kwenye kadi. Siku hizi sizifuti.

Wiki ya mwisho ya Agosti mama aliomba tumtoe barazani. Macho yake yalikuwa yameshafifia. Akauliza swali lake. Nikamwambia, “Hapana, mama. Leo hakuna kitu.” Akanyoosha mkono, akaelekeza kidole kwenye ule weupe, akasema, “Pale. Pale penye nundu mbili.” Nikaisogeza stendi kwenye chaki, nikazungusha lenzi hadi kwenye mstari, nikapiga mkono wake na weupe ulioko mbele yake. Septemba tulimzika.

Mvua ya kwanza iliyoosha hewa ilikuja Novemba, usiku. Asubuhi niliweka kamera kwenye alama zile zile, nikapiga, kisha nikaziweka picha mbili pamoja, ya mkono na ya milima. Kidole chake kilikuwa kimepita kushoto kidogo, kama upana wa ukucha. Nundu mbili zilikuwa pale.