Tulivyoenda Beer-sheba kumaliza ubishi

Hii safari ilianzia kwenye ubishi. Februari 2019 tulikuwa kundi la mahujaji kutoka Dar, tuko kwenye basi tunatoka Bethlehemu, mtumishi mmoja akashika maiki akasema Beer-sheba, ule mji wa kusini mwa Israeli, maana yake ni kisima cha malkia wa Sheba, yule aliyemfuata Sulemani na ngamia wake. Watu wakaitikia amina. Mimi nikanyamaza ila rohoni nikasema ah, Ibrahimu alishapaita hapo jina zamani mno, Sulemani hata babu yake hajazaliwa. Na ratiba yetu wala haikuwa na Beer-sheba. Siku ya mapumziko nikamfuata mzee niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, Mgogo wa Dodoma, nikamwambia mzee twende tukapaone wenyewe. Akauliza, "Nauli unalipa wewe kijana?" Nikasema nalipa. Akavaa koti, akachukua Biblia yake ile Union Version iliyofungwa na raba.

Basi la kutoka Yerusalemu linashuka tu, milima inaisha, Februari huko ndio msimu wa mvua kwahiyo mwanzo unaona majani mabichi na maua mekundu pembeni ya barabara, halafu kijani kinakonda, kinakonda, mpaka inabaki rangi ya vumbi. Mzee akachungulia dirishani akasema, "Hapa sasa ni kwetu."

Mji wenyewe usitegemee mahema. Ni maghorofa, chuo kikuu, vijana wa jeshi na bunduki zao wanakula aiskrimu stesheni. Hata ule wanaouita mji wa kale waliujenga Waturuki kuanzia 1900, yaani juzi. Kilima chenye magofu ya enzi za Biblia kiko kilometa chache mashariki, jirani na mji wa Mabedui, wale Waarabu wafugaji wa jangwani, ikabidi tuchukue teksi.

Dereva Bedui, Kiingereza chake na changu vyote vya kuombea maji. Nikauliza bei kwa vidole. Akasema, "Sabiin."

Mzee akaruka, "Sabini! Hapana, hamsini!"

Jamaa akageuka akamtazama vizuri. Akacheka. "Khamsin la. Sittin."

"Sitini sawa," mzee akajibu, akafungua mlango akaingia. Mimi nimesimama pale mdomo wazi, maana mzee hajui Kiarabu hata salamu, amepatana bei ya shekeli kwa Kiswahili cha Dodoma na ameeleweka.

Njiani dereva akaniambia wao wanapaita Bir es-Saba, akashika vidole saba, halafu akanguruma kama simba akacheka, kwamba kwa Kiarabu chao ukilitamka hilo jina linaweza pia kusikika kisima cha simba. Hapo ndio nikamfungulia mzee somo. Kisima kwa Kiarabu ni bir, kwa Kiebrania ni be'er. Saba kwa Kiarabu ni sab'a, kwa Kiebrania sheva, na sisi saba yetu tumeitoa kwa Waarabu, kwahiyo nusu ya jina la Beer-sheba tunalo mdomoni tangu chekechea bila kujua. Kwa Kiebrania ile Sheba ya malkia inaishia na herufi alefu, hii ya kisima inaishia na herufi ayini, ni maneno mawili tofauti kabisa, ila kwenye Biblia ya Kiswahili yote yanaandikwa Sheba, ndio maana simlaumu sana yule mtumishi. (Na wale wanaosema Sabato inatokana na saba, nayo hapana, Sabato ni neno la kupumzika.)

Mzee akafungua Mwanzo 21 akasoma kwa sauti humo humo kwenye teksi. Watumishi wa Abimeleki wamemnyang'anya Ibrahimu kisima, Ibrahimu anatenga kondoo jike saba wawe ushahidi kwamba kisima kakichimba yeye, halafu wanaapiana. "Hii ni kesi ya wafugaji," mzee akasema, "hii nimeiona barazani mara ngapi." Sasa utamu uko hapa, kuapa kwa Kiebrania ni nishba, herufi zile zile za saba, ni kama mtu akiapa anajisaba. Kwahiyo ni kisima cha saba au cha kiapo? Stori yenyewe haichagui, ina kondoo saba na ina kiapo. Na sura ya 26 Isaka naye anaapiana na Abimeleki, siku hiyo hiyo watumishi wake wanapata maji, anakiita Shiba. Mimi naona aliyeandika alikuwa anafurahia tu kulichezea neno.

Kilimani mlangoni kuna kisima cha mawe, kirefu kama mita 70, tukachungulia giza. Ndani tukaona nakala ya madhabahu yenye pembe nne, ya kweli iko makumbusho Yerusalemu, mawe yake yalikutwa yamejengewa kwenye ukuta wa ghala. Halafu wanakupa helmeti unashuka ngazi kwenye tangi la maji lililochongwa chini ya mji. Mzee helmeti ilimbana akagoma, nikashuka peke yangu.

Niliporudi namkuta anazunguka anatafuta mkwaju. Kweli, Mwanzo 21:33 kwenye Union Version Ibrahimu anapanda mkwaju Beer-sheba. Nikamwambia mzee, Kiebrania kinasema esheli, ni mti mwingine, nikamwonyesha mmoja pale, majani membamba kama mvinje, ile miti ya ufukweni. Hakuamini. Akachuma kijitawi akatafuna.

"Chumvi," akasema, akatema. "Sasa juisi ya hii utampa nani?"

Dereva alikuwa anapiga honi.