La Fenice: ukumbi wa mbao ulioungua mara mbili

Kwa nje La Fenice, jumba la opera la Venice, Italia, halina makuu: ngazi chache, nguzo nne, basi. Gian Antonio Selva aliyelisanifu alilipa milango miwili, mmoja wa waendao kwa miguu na mwingine upande wa mfereji, kwa wanaofika kwa boti. Lilifunguliwa tarehe 16 Mei 1792. Uso huo bado ni wa Selva. Ukumbi wa ndani ulikwisha teketea Desemba 1836, ndugu Tommaso na Giambattista Meduna wakaujenga upya kwa mwaka mmoja tu, na humo mtunzi Verdi akazindua opera zake Rigoletto (1851) na La traviata (1853).

Wengi husema ukumbi wa mbao huvuma kama fidla. Sivyo hasa. Ubao mwembamba wenye uwazi nyuma yake humeza sauti nzito, kwa hiyo okestra haimfuniki mwimbaji. Michongo ya roshani nayo hutawanya sauti nyembamba isirudi kama mwangwi. Mapambo mengi si mawe wala plasta. Ni karatasi na gundi: tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu, inakaushwa, inapakwa dhahabu. Ua zima la urembo wa namna hiyo ni jepesi mno, na ubao mwembamba unalibeba bila shida.

Lakini mbao kavu, karatasi, gundi na uwazi wa kupitisha hewa ndivyo pia vinavyotakiwa kuwasha tanuri. Usiku wa 29 Januari 1996 mafundi umeme wawili waliokuwa na kazi humo waliwasha moto makusudi. Mahakama ilithibitisha kuwa walitaka kukwepa faini ya kuchelewesha kazi hiyo. Mifereji ya jirani ilikuwa imekaushwa ili isafishwe, boti za zimamoto zikashindwa kusogea. Asubuhi zilibaki kuta za nje.

Uamuzi ukawa lijengwe kama lilivyokuwa, mahali pale pale, kaulimbiu iliyotumika mnara wa kengele wa San Marco, hapo hapo Venice, ulipoanguka mwaka 1902. Nadhani walifanya sawa, maana sauti ile ilitokana na umbo lile. Msanifu majengo Aldo Rossi alichora mpango, akafariki 1997 kabla ya kazi kwisha. Mafundi walichunguza hata filamu ya mwongozaji Visconti ya 1954 iliyopigwa ndani ya ukumbi, wakafuata rangi na maua yake. Muziki ulirudi Desemba 2003, kwa tamasha. Opera yenyewe ikasubiri hadi Novemba 2004, wakafungua na La traviata.