Mahitaji

Jana nilikuwa soko la Owino na binti yangu, anaanza bweni wiki ijayo. Wazazi wa Uganda mnaijua ile orodha: godoro, ndoo, mifagio, sabuni, sukari, karatasi za chooni. Akaniuliza, "Mama, hivi vyote kwa Kiswahili vinaitwaje?"

Mahitaji, nikamwambia. Kimoja ni hitaji.

"Kumbe kama ebyetaago kwa Kiganda!" Ndivyo hasa. Waganda wamelitoa neno lao kwenye okwetaaga, nasi letu kwenye kuhitaji. Haja pia ni ya ukoo huo, asili yake Kiarabu, ila nilimtahadharisha: akimwambia mwalimu anakwenda haja, ataeleweka anakwenda chooni.

Nilifurahi mno kuulizwa. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili hapa tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, lakini nyumbani kwetu nakizungumza karibu peke yangu.

Tukafika kwenye biskuti. Akazishika, akanitazama. Nikamwambia, mwanangu, hizo unazitaka, huzihitaji. Akanyamaza, kisha akasema, "Na wewe Mama, kwenye orodha hakuna hitaji lako hata moja." Viatu vyangu vimeachia soli tangu Krismasi, sikujua kwamba ameona.

Biskuti nilimnunulia, paketi moja. Usiku nikakuta ameandika kwa kalamu nyekundu chini ya orodha ya shule: "Mahitaji ya Mama: viatu."

Nimeikunja, nimeiweka ndani ya Biblia yangu.