Maji yalinisumbua kuliko ugali: maisha yangu baada ya opresheni ya kupunguza tumbo

Watu wakishajua nimefanyiwa opresheni ya kupunguza tumbo swali la kwanza ni lilelile, sasa we unakula nini? Na mimi nawajibu kula kunazoeleka, shida ni maji. Hakuna aliyewahi kuniuliza nakunywaje, ila kama unaishi Dar na shughuli zako ziko Kariakoo, mwezi wa kwanza mwezi wa pili lile joto ambalo saa nne asubuhi tu gauni limeshaganda mgongoni, basi maji yatakutoa jasho kuliko chakula chochote. Ndo maana naandika, kwasababu nilipokuwa najiandaa nilitafuta sana mtu wa hapahapa anielezee maisha ya kawaida yanakuwaje na nikawa napata stori za kilo tu, kapungua ngapi kabaki na ngapi.

Yangu ni ile wanaita slivu. Sio puto. Nasema hivi kwasababu mjini sikuhizi ukipungua kidogo tu utaambiwa kaweka puto. Puto linapitishwa mdomoni bila kukatwa popote, linakaa ndani miezi kadhaa halafu linatolewa. Slivu wanakata kabisa mfuko wa chakula, kama asilimia 75 mpaka 80 inatolewa inabaki sehemu nyembamba yenye umbo la ndizi, na ikishatolewa hairudishwi tena. Wanaingilia kwenye matundu madogo kwahiyo makovu hayatishi. Halafu ile sehemu iliyotolewa ndo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, inaitwa grelini, ndo maana miezi ya mwanzo njaa sikuisikia kabisa, nilikuwa nakula kwa kuangalia saa.

Turudi kwenye maji. Mimi nilikuwa mtu wa kurudi nyumbani nachota kikombe kikubwa cha maji ya mtungini napiga yote kwa mkupuo mmoja. Baada ya opresheni mkupuo hauwezekani, ukivuta funda kubwa kifua kinabana mpaka unajishika, na dokta anataka walau lita moja na nusu kwa siku, na hapohapo anakwambia usinywe na chakula, ukishakula subiri kama nusu saa ndo unywe. Sasa piga hesabu mwenyewe, siku ina milo midogo mitano au sita, kila mlo unauzungushia muda wa kutokunywa, bado usingizi, bado safari ya kutoka Kimara umebanwa kwenye mwendokasi hata mkono wa kufungulia chupa huna. Na kukaukiwa maji ni moja ya sababu kubwa zinazorudisha watu hospitali wiki za mwanzo, hilo dokta alinisisitizia mpaka nikaliogopa.

Kilichonisaidia ni kuacha kabisa kusubiri kiu. Nilinunua chupa ndogo ya nusu lita nikawa naiweka pale mezani dukani pembeni ya kalkuleta, kila mteja akishatoka nakunywa funda moja dogo. Akiuliza bei akaondoka bila kununua, nakunywa. Akinunua, nakunywa. Siku duka limepoa natega alamu kwenye simu. Nikiona mkojo umekuwa wa njano iliyokolea najua nimeachwa nyuma, jioni naongeza. Asubuhi maji ya baridi yalinikataa, yanasokota, kwahiyo naanza na ya vuguvugu yenye tangawizi kidogo na yanashuka vizuri tu. Dafu pia lilinifaa ila nalinywa taratibu, namwambia muuzaji anikatie animiminie kwenye chupa yangu, sio ule mtindo wa kusimama pale unamaliza lote. Soda nimeachana nayo, ile gesi ikiingia kwenye mfuko mdogo namna hii inauma kweli.

Chakula chenyewe kinakwenda kwa hatua na hizi usizirukie hata ukijisikia mzima. Mwanzo vitu vya majimaji vilivyochujwa, halafu maziwa na uji mwepesi, halafu vya kusaga, halafu vilaini, mpaka ukifika kama miezi miwili ndo unarudi kwenye chakula cha kawaida kidogokidogo. Karatasi niliyopewa ilijaa vyakula vya kizungu, brokoli, jibini laini sijui ya aina gani, nikakaa na wifi yangu ambaye anapika vizuri sana tukatafuta cha kwetu kila mstari. Na kwa kweli chakula cha pwani kinafaa kuliko ile karatasi. Supu ya kuku wa kienyeji ukiichuja. Mtindi. Maharage ukiyapika mpaka yavurugike ukayapiga blenda na vitunguu na chumvi kidogo. Changu wa kuchemsha ukamtoa miiba ukamponda kwenye mchuzi mwepesi. Yai la kuvuruga lisilokauka. Mtu asikudanganye kwamba ukifanya hii kitu lazima ununue makopo ya unga wa protini maisha yote, mimi nilitumia ya mwanzo tu pale nilipokuwa siwezi kutafuna.

Maana hesabu yote ni ya protini, angalau gramu 60 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, samaki gramu 100 aliyepikwa ana 20 na kitu, kwahiyo unaona kabisa kwamba kwenye tumbo dogo hivi ugali hauwezi kutangulia. Na sisi tumelelewa kinyume chake jamani, mlima wa ugali na kipande cha samaki cha kushushia. Saivi nakula samaki kwanza, halafu matembele au mchicha, na kama kuna nafasi imebaki namega katonge kadogo kwa ncha za vidole. Mara nyingi nafasi haibaki. Natumia kijiko cha chai na nakiweka chini kila nikishatia mdomoni, sikishiki tena mpaka nimeze, hiyo peke yake ilinifundisha kutafuna.

Mama lishe wetu pale Kariakoo anakujaga na ndoo zake mchana, mwanzo tulishindana kweli. Namwambia, "Dada naomba samaki na mchuzi na mboga, wali usiniwekee."
"Wali nisiweke? Sasa utashiba nini mama?"
"Nitashiba hivyohivyo dada."
Akawa ananipa samaki na bado anajaza wali pembeni eti nikisikia njaa. Nikamlipa hela ileile ya sahani nzima wiki ya kwanza mpaka akaelewa sikatai chakula chake wala silalamiki bei, siku moja nikamwonyesha makovu nikamweleza. Toka siku hiyo ana kibakuli changu, anachagua mwenyewe mnofu wa mgongoni anautoa miiba, anauzamisha kwenye mchuzi usikauke. Ile ya kuuzamisha sikumwambia mimi, aliona tu kwamba kikavu kinanisumbua.

Kwasababu kikavu kinakwama. Hili nilielezee vizuri maana sikuwa nimelisikia kabla. Chapati, mkate mweupe, wali uliokauka, nyama ya ng'ombe ngumu, ukimeza bila kutafuna sawasawa kinasimama hapa katikati ya kifua, hakipandi hakishuki, na baada ya dakika moja mate yanaanza kujaa mdomoni, mazito, yana povu, mengi mpaka unatafuta pa kutema. Usinywe maji kukisukuma, maji yanakaa juu yake yanazidisha. Simama, tembea taratibu, tema mate, subiri, mara nyingi kinapita au kinarudi. Mimi chapati nimeisamehe. Nyama nakula ya kusaga au iliyochemka mpaka inaachana yenyewe.

Na sukari. Juisi ya miwa, kaimati, keki za kwenye shughuli. Ukiila kwa wingi inateremka kwenye utumbo haraka sana, moyo unaenda mbio, jasho, kizunguzungu, tumbo linasokota mpaka ulale. Wanaita dampingi, inawapata zaidi wale wa baipasi, opresheni nyingine ambayo chakula kinapitishwa njia ya mkato mpaka kwenye utumbo, ila hata sisi wa slivu wengine inatupata, na mimi ni mmoja wao.

Sasa watu. Bi mkubwa wangu yuko Temeke na kwake tunakula sinia moja, na kwenye sinia ukipunguza mkono kila mtu anaona. Anasogeza minofu upande wangu, "Kula mwanangu, mbona umeacha?" Namwambia nimeshiba mama. "Umeshibaje, matonge mawili hayo?" Machozi yanamlenga. Alikuwa anaamini nimekatwa vibaya, halafu majirani nao wanamtia maneno, mwanao anakonda, anaumwa nini, kampime sukari, na wengine wakimaanisha kitu kingine kabisa ambacho hapa kwetu mtu akikonda haraka ndo cha kwanza kufikiriwa. Iliniuma kwa ajili yake. Kumweleza mimi hakukusaidia chochote, nikaamua siku ya kliniki niende naye. Dokta akamchorea kwenye karatasi, mfuko ulikuwa hivi sasa uko hivi, akamwambia, mama, huyu mwanao akimaliza chakula cha kujaa kikombe hiki cha chai ameshiba sawa na wewe. Akauliza maswali yake yote, hata ya kama nitazaa. Akajibiwa nitazaa ila nisubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu, na nitumie uzazi wa mpango maana mwili ukipungua mimba inashika kirahisi kuliko zamani. Toka hapo majirani anawajibu yeye mwenyewe, mimi nakaa kimya.

Ramadhani ya kwanza sikufunga. Naandika hili kwa ajili ya Waislamu wenzangu kwasababu najua linavyokaa moyoni. Ilinikuta bado nahangaika na lita moja na nusu mchana kutwa, ningeibana vipi kwenye masaa ya usiku peke yake? Dokta alikataa moja kwa moja, nikaenda kwa ustadhi akanisomea ile ya Surat al-Baqara, mgonjwa atimize hesabu katika siku nyingine, akaniambia nitalipa nikipata nguvu. Na bado mchana kunywa maji dukani kwenye mtaa ambao wengi wamefunga ilikuwa ngumu, nilikuwa naingia nyuma kwenye marobota. Ramadhani iliyofuata dokta aliangalia damu akaniruhusu, nikafunga kwa kupumzika pale nilipoona kichwa kinauma. Magharibi nafungulia maji funda moja moja na tende moja nailamba taratibu, naswali, ndo naanza supu ya samaki, magimbi na mihogo ya nazi naonja tu maana nazi nzito inanikaa vibaya. Mpaka daku chupa yangu haitoki mkononi.

Vidonge ni vya maisha, hili wengi wanalipuuza wakishaona nguo zinalegea. Multivitamini, B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, acha kama masaa mawili katikati. Na chai ndugu zangu, sisi watu wa chai asubuhi, chai inazuia chuma kuingia mwilini, kwahiyo cha chuma nakimeza mchana mbali na chai, kalsiamu usiku. Damu napima mara kwa mara mwaka wa kwanza na baadae kila mwaka. Nywele zangu zilikatika sana mwezi wa nne wa tano, nikasuka mabutu nikaacha mawigi yanayovuta, zikarudi zenyewe. Ngozi ya mikono na tumbo imelegea, haijarudi, madera na mikono mirefu vinanisitiri na sijutii.

Duka la dawa nako kuwa makini. Ukisema kichwa au mgongo unauma utapewa diklofenaki au ibuprofeni haraka sana, na hizi zinaweza kukupa vidonda kwenye huu mfuko uliobaki. Mimi nasema mapema kabla sijapewa kitu, nimefanyiwa opresheni ya tumbo, naomba panadol. Na kama umeshafanyiwa na unatapika siku ya pili mfululizo, hata maji hayakai, usibaki nyumbani unasubiri kesho wala usitulizwe na mtu kwamba ni kawaida. Rudi kwa waliokupasua, wakuongezee maji na uwaulize kabisa kuhusu vitamini B1, kwasababu mwili hauna akiba yake kubwa na ikiisha inagusa mishipa ya fahamu, na hiyo hairudi kirahisi.